Kopo la sarafu za shaba Kisumu: uchambuzi wa kisa cha bei iliyoporomoka mezani

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika boma moja kando ya ziwa, si mbali na mji wa Kisumu. Majina yameondolewa, kijiji hakitajwi, na mambo machache yasiyogusa sarafu zenyewe yamebadilishwa ili familia isitambulike. Wahusika ni Mjukuu, kijana aliyezikuta sarafu. Mjomba, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho katika mali ya marehemu. Mnunuzi, mkusanyaji na mfanyabiashara wa sarafu aliyetoka Nakuru. Na mimi, niliyeitwa kukadiria walipokuwa wamekwisha kukasirikiana.

Sarafu zilikuwa za bibi yao, ambaye nyumbani wote walimwita dani. Aliuza omena na mahindi sokoni maisha yake yote. Baada ya matanga, vitu vyake vilipokuwa vikigawanywa, kopo la mafuta ya kupikia likatokea chini ya sanduku la nguo. Ndani mlikuwa na sarafu 61, zote za rangi ya shaba.

Nyingi zilikuwa otonglo, yaani zile senti 10 kubwa zenye tundu katikati, pamoja na ndururu, senti 5 zake. Hizi ni sarafu za Afrika Mashariki ya wakoloni, na za kwanza zina mwaka 1921, wakati shilingi ilipochukua nafasi ya florini iliyokuwa imedumu muda mfupi tu baada ya rupia. Upande mmoja una taji juu ya tundu na jina la mfalme. Upande wa pili pembe za ndovu zinalizunguka tundu. Za mwisho koponi zilikuwa za 1964, ambazo hazina tena jina la mfalme wala malkia. Senti 10 tisa zilikuwa zimetungwa kwenye waya mmoja uliosokotwa ncha.

Sarafu nne hazikuwa na tundu, na ndizo zilizonifanya nikae vizuri kitini. Mbili zilikuwa paisa za Zanzibar za mwaka 1299 Hijria, enzi ya Sultan Barghash, zenye mchoro wa mizani. Moja ilikuwa paisa ya Mombasa ya Imperial British East Africa Company, yenye mwaka 1888 kwa hesabu ya Kizungu na 1306 kwa ya Kiislamu. Nayo ina mizani upande mmoja na jua lenye taji upande wa pili. Ya nne ilikuwa paisa ya 1898 yenye kichwa cha Malkia Victoria.

Mtu anaweza kuuliza sarafu za pwani zilifikaje huku. Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901, na hadi 1902 sehemu hii ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Lakini kabla ya reli kulikuwa na misafara, na njia ya Uganda ilipita Mumias, ambako watu wa kampuni na wafanyabiashara Waswahili walipumzika na kununua chakula. Paisa 64 zilifanya rupia moja. Paisa nne kubaki huku bara kwa zaidi ya miaka 100 si muujiza, na mnunuzi akikuambia kwamba ni lazima ziwe za bandia kwa sababu zimetoka ziwani, mwombe sababu nyingine.

Mambo yalivyotokea

Mjukuu alianza na simu. Aliona video inayodai kwamba senti 10 ya 1936 ni ya mfalme aliyeacha kiti na kwamba inauzwa kwa mamilioni. Alizipekua sarafu akakuta mbili za 1936 zenye jina EDWARDVS VIII. Usiku huo hakulala vizuri, alivyoniambia baadaye.

Kabla ya kupiga picha aliona sarafu ni chafu. Alikata limau, akamwaga chumvi sahanini, akazisugua sarafu 22, mojawapo ikiwa ni ile ya 1936 iliyokuwa na maandishi makali zaidi. Zikatoka nyekundu zinazong'aa. Angeendelea na zilizobaki, ila limau ziliisha. Alizipanga juu ya kitambaa cheupe, akawasha taa ya simu, akapiga picha na kuzituma kwa Mnunuzi.

Mnunuzi alijibu siku hiyo hiyo: shilingi 18,000 kwa kopo zima, "nikizikuta kama zilivyo pichani." Maneno hayo ya mwisho Mjukuu hakumsomea Mjomba.

Mnunuzi akapanda matatu kutoka Nakuru, akafika, akanywa chai, akamwaga sarafu mezani. Baada ya muda mfupi akasema 5,000.

Mjomba akamwambia, "Kijana, ulisema elfu kumi na nane. Sarafu ni zile zile."

"Mzee wangu, sarafu ni zile, lakini hali si ile."

"Hali ipi? Huyu amezisafisha mpaka zinakuonyesha uso."

Hapo ndipo Mnunuzi alipofanya jambo lililomharibia zaidi. Alitoa mizani ndogo ya kidijitali, ile ya masonara, akapima senti 10 moja ya miaka ya thelathini: gramu 11.2. Akapima nyingine ya 1943: gramu 9.4. "Unaona, mzee? Hii imelika karibu gramu mbili. Hizi zimechakaa sana." Mjomba hakuwa na la kujibu, na mtu mzima asiye na la kujibu nyumbani kwake hakasiriki kidogo. Aliamuru kopo lifungwe. Mjukuu ndiye aliyeomba nipigiwe simu, kwa kuwa nilikuwa nimewahi kumkadiria mwalimu wake sarafu.

Nilikubali kwa masharti. Bei isitajwe mpaka sarafu ya mwisho iangaliwe. Kila moja iangaliwe peke yake, ikishikwa kwa ukingo, juu ya taulo, ili ikianguka isipate jeraha jipya. Na Mnunuzi akae pale pale mezani aangalie ninachoangalia. Sikutaka kumkadiria mtu mgongoni mwake. Tulisogeza meza karibu na dirisha na nikawasha taa moja tu ya pembeni.

Zile za 1936

Nilianza nazo kwa sababu ndizo zilizokuwa zimejaza hewa chumbani.

Edward VIII alitawala kuanzia Januari 1936 na akaachia kiti Desemba mwaka huo huo. Sarafu za Uingereza zilihitaji sura yake, na hazikuwahi kufika mikononi mwa watu. Lakini senti zetu zina tundu katikati, hazina sura ya mtu, zina jina tu. Kwa hiyo mashine zilizitengeneza bila kungoja msanii amchore mfalme. Zilitoka kwa wingi, baadhi zikiwa na herufi H ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, nyingine KN ya King's Norton, nyingine bila herufi. Ni kumbukumbu nzuri ya historia, na wakusanyaji wanaipenda, lakini haina uadimu wa mamilioni. Mjukuu alinyamaza kidogo. Mnunuzi, kwa heshima, hakucheka.

Kisha niliziweka mbili pamoja. Ile iliyosafishwa ilikuwa na taji kali: msalaba mdogo wa juu ulisimama, lulu za kwenye matao ya taji zilihesabika moja moja, na mgongo wa kila pembe ya ndovu ulikuwa na mstari wake. Kwa makali peke yake ingeitwa EF (extremely fine), daraja la sarafu iliyochakaa kidogo tu. Ile isiyosafishwa ilikuwa ya kahawia iliyokolea, lulu zake zikianza kushikana, msalaba ukiwa umelala kidogo. Hiyo ni VF (very fine), daraja lililo chini ya EF, tena VF ya chini.

Niliinamisha ile ya kwanza chini ya taa. Sarafu ambayo haijaguswa tangu kiwandani huwa na mng'ao unaotembea: ukiizungusha, miale inazunguka nayo, kwa sababu metali iliposukumwa na muhuri, kile chuma kinachogonga mchoro, ilitiririka kuelekea ukingoni na kuacha mistari myembamba isiyoonekana kwa macho matupu. Hii haikuwa na mwale wowote. Iling'aa kila mahali kwa namna moja, rangi ya waridi ya shaba iliyovuliwa, na chini ya lenzi ilijaa mikwaruzo midogo ya duara. Limau lilikuwa limekula ngozi ya juu, na punje za chumvi zikachora kilichobaki.

Hapo Mjomba aliuliza swali zuri kuliko yote ya siku hiyo: kama makali yapo, ngozi ina kazi gani?

Nilimweleza hivi. Rangi ya kahawia ya shaba ya zamani si uchafu. Ni tabaka jembamba la oksidi lililojengeka kwa miaka, na ndilo linaloikinga metali iliyo chini. Anayenunua sarafu hununua pia ushahidi kwamba hakuna aliyeigusa, na ushahidi huo ukiondolewa hakuna njia ya kuurudisha. Fedha na dhahabu husamehe zaidi. Shaba haisamehi. Ndiyo maana wakusanyaji wa shaba hutaja rangi pamoja na daraja, kama bado ni nyekundu ya kiwandani, nusu nyekundu nusu kahawia, au kahawia kamili; na ndiyo maana sarafu nyekundu yenye umri wa karibu miaka 90, iliyokaa kwenye kopo la mafuta, inapaswa kutiliwa shaka kabla ya kufurahiwa.

Mnunuzi angelipa zaidi kwa ile ya kahawia iliyochakaa. Alisema hivyo mwenyewe, na nadhani hapo ndipo Mjomba alipoanza kumsikiliza.

Uzito usio wa uchakavu

Kisha nikamrudia Mnunuzi na mizani yake.

Senti 10 za kabla ya vita vikuu vya pili zilitengenezwa nene, zaidi kidogo ya gramu 11. Kuanzia 1942, wakati wa vita, zilitengenezwa nyembamba zaidi, karibu gramu 9 na nusu. Ile ya 1943 aliyoipima ilikuwa na herufi SA, alama ya kiwanda cha Pretoria. Haikuwa imelika gramu mbili, ilizaliwa hivyo.

Hata asiyejua habari za 1942 angeweza kugundua kwa macho. Shaba hulika kuanzia juu kwenda chini, sehemu zilizoinuka kwanza. Sarafu iliyopoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya uzito wake kwa kupita mikononi haiwezi kuwa na lulu za taji zinazohesabika, na hii ilikuwa nazo. Mizani ikisema jambo moja na taji likasema jingine, kuna kitu hujakijua, na hupaswi kuuza wala kununua mpaka ukijue. Mnunuzi alikubali. Nina hakika hakuwa analaghai. Alikuwa amezoea paisa na rupia, ambako uzito husaidia sana kukamata bandia.

Waya, na kijani

Zile tisa za kwenye waya zilikuwa na tabia yao. Nyuso zake zilikuwa nzuri kuliko nyingi za koponi, kwa kuwa zilikaa zimebanana badala ya kupita sokoni. Lakini matundu yalikuwa yameliwa upande mmoja, yakawa na umbo la yai, na mbili zilikuwa na mtaro unaoonekana pale waya ulipozunguka. Huo si uchakavu wa matumizi. Ni jeraha, na jeraha haliingizwi kwenye daraja, hutajwa pembeni yake. Niliandika "nyuso VF, tundu limeliwa na waya" na nikapendekeza waya usikatwe. Kwa mnunuzi wa kawaida sarafu zenye tundu lililolika hazina soko kubwa. Kwa familia, ule mtungo aliusokota dani kwa mkono wake.

Kijani kilichukua muda mrefu zaidi. Paisa moja ya Zanzibar ilikuwa na kijani kigumu, laini, cha rangi nzito, kilichoshikana na ngozi ya sarafu. Cha namna hiyo hukaa miongo bila kusogea. Ya pili ilikuwa na madoa madogo ya kijani cheupe karibu na mkono wa mizani. Nililigusa doa moja kwa kijiti cha meno. Likatoka unga, na chini yake kulikuwa na kishimo.

Tatizo hili husababishwa na kloridi iliyojificha ndani ya metali. Ikipata unyevu na hewa huzalisha unga huo, na katika kuuzalisha hutoa tena kinachoila shaba iliyo jirani, kwa hiyo haliishi lenyewe. Kulithibitisha ni rahisi ukiwa na subira: nililifuta lile doa, nikaiweka sarafu katika kikasha cha plastiki chenye pamba iliyolowa pembeni bila kuigusa, tukakifunga mpaka asubuhi. Mnunuzi akalala mjini. Asubuhi unga mpya ulikuwa umetoka mahali pale pale.

Mjomba alitaka kujua kama ile nyingine itaambukizwa. Sarafu haiambukizi sarafu kama mafua, lakini unga wenye kloridi ukidondokea shaba nyingine penye unyevu, unaweza kuanzisha jambo lile lile. Kwa hiyo ilitengwa.

Na hapo nilimgeukia Mjukuu, kwa kuwa chumvi ya jikoni ni kloridi. Alikuwa ameisugua ndani ya sarafu 22 zilizovuliwa ngozi, kisha akazisuuza kwa maji ya bomba mara moja.

Maamuzi na sababu zake

Hakuna kusafisha zaidi. Hili lilikuwa la kwanza, na sikulijadili.

Sarafu zikagawanywa mafungu kwa kuangalia ngozi kabla ya makali. Fungu la kwanza lilikuwa paisa tatu nzima. La pili, senti 26 zisizosafishwa. La tatu, zile 22 za limau. Mtungo wa waya na paisa yenye ugonjwa vilikaa kando. Kama tungeanza na makali, zile za limau zingechanganyika na zilizo bora, na ubishi ungerudi pale pale kwa kila sarafu.

Kwa fungu la tatu sikuandika daraja. Mnunuzi alitaka niandike namba, kwa mfano 40 au 45 kwenye mizani ya madaraja yenye pointi 70, ambayo wauzaji wa siku hizi huitumia. Mizani hiyo ilibuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949, tena kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake, si za fedha wala dhahabu. Lakini namba husafiri bila maelezo yake. Leo ningeandika "45, imesafishwa", kesho mtu angeinukuu 45 peke yake. Niliandika tu: makali ya EF, ngozi imeondolewa, haina daraja.

Kwa zilizobaki niliandika masafa badala ya alama moja (F, yaani fine, ni daraja lililo chini ya VF), kama "kati ya F na VF". Mjomba aliona ni kukwepa. Nilimwambia kwamba watu wawili waaminifu wakikaa mezani hapo na sarafu ile ile watatofautiana kwa kiasi hicho, na afadhali tofauti hiyo iandikwe mapema kuliko kugunduliwa wakati wa kulipana.

Uamuzi wa kuuza au kutouza niliuacha kwa familia. Walitoka nje, wakarudi baada ya muda, na ni Mjomba aliyesema: mtungo wa dani hauuzwi, na za limau zibaki na aliyezisugua.

Matokeo

Mnunuzi alichukua sarafu 29. Paisa ya Mombasa ilikwenda kwa 2,500, ya Victoria kwa 1,200, ya Zanzibar iliyo nzima kwa 800. Ile ya 1936 ya kahawia ilipata 300, kumi nyingine zenye hali nzuri zikauzwa 80 kila moja, na kumi na tano zilizobaki, ambazo mataji yake yalikuwa vivuli tu, zikauzwa 20 kila moja. Jumla shilingi 5,900. Ni zaidi ya 5,000 alizotaja kwa kopo zima, na familia ilibaki na sarafu 32. Ni mbali sana na 18,000, na mbali zaidi na video.

Makubaliano yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari, kila sarafu na mstari wake, na wote wakatia sahihi.

Mvua za masika zilipofika, Mjukuu alinitumia picha. Sarafu sita kati ya zile 22 zilikuwa zimetoa madoa ya kijani cheupe, na nyingine zilikuwa zimebadilika rangi kwa mabaka, huku alama za vidole vyake zikionekana wazi kama mihuri. Nilimwelekeza azilowanishe kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za gari (aulize vizuri, kwa maana chupa ya jirani yake rafuni huwa ni asidi), ayabadilishe kila siku kwa wiki kadhaa, kisha azikaushe kabisa. Nne zilitulia. Mbili zinaendelea kulika.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoharibika

Kilichoharibu zaidi ni picha, hata kuliko limau. Taa ya simu huangaza kutoka pale pale lenzi ilipo, kwa hiyo mikwaruzo haitupi kivuli na haionekani. Shaba iliyovuliwa ngozi hurudisha mwanga na kuonekana mpya. Shaba ya kahawia yenye ngozi nzuri hunywa mwanga na kuonekana nyeusi, imekufa. Picha za Mjukuu zilikuwa zimegeuza mpangilio wa ubora juu chini, naye hakukusudia kumdanganya mtu. Picha mbili za kila sarafu, mwanga wa dirisha ukitoka ubavuni, moja ikiinamishwa kidogo, zingetosha kumzuia Mnunuzi kutaja 18,000.

Mnunuzi naye ana sehemu yake. Kutaja jumla ya kopo zima kwa picha ni mtego hata ukiweka sharti, kwa sababu anayesikia hukumbuka namba na kusahau sharti. Angetaja bei ya paisa ya Mombasa peke yake, ambayo haikuwa imesafishwa na ilionekana vya kutosha, asingeitwa tapeli nyumbani kwa watu.

Kutenganisha ngozi na makali kulifaa. Wengi huanza na swali "imechakaa kiasi gani?" kwa kuwa ndilo rahisi kuliona. Katika kopo hili swali hilo lingewapa jibu baya mara tatu: kwa ile 1936 ya limau, iliyokuwa kali na bado duni, kwa mtungo wa waya, wenye nyuso nzuri na matundu mabovu, na kwa ile ya 1943, nyepesi bila kuchakaa.

Kungoja usiku mmoja kwa ajili ya kijani kulimgharimu Mnunuzi malazi, na alilalamika. Nadhani ilistahili. Bila hivyo paisa yenye ugonjwa ingeingia mfuko mmoja na ile nzima hadi Nakuru. Mfuko wenyewe pia tuliubadilisha: alikuja na vile vya plastiki laini yenye harufu, ambavyo baada ya muda hutoa utando wa kunata wenye kijani juu ya shaba. Tulitumia bahasha za karatasi.

Masafa ya daraja yalisaidia kwa sarafu zote isipokuwa moja, ile ya Victoria. Nywele za juu ya sikio la malkia ni bapa. Mnunuzi anasema zimelika. Mimi nasema hazikuwahi kujitokeza, kwamba muhuri haukugonga kwa nguvu ya kutosha: herufi za pembeni zina kona kali, meno ya ukingo yamesimama, lile eneo bapa lina chembechembe za kisahani kisichopigwa, yaani kipande cha metali kabla ya kugongwa mchoro, badala ya ulaini wa metali iliyosuguliwa, na mahali panapolingana nalo upande wa nyuma pia pamefifia, jambo ambalo pigo dhaifu la muhuri huleta na vidole vya watu haviwezi kulipanga. Yeye anajibu kwamba shavu lina kahawia hafifu kuliko sehemu nyingine, na rangi hafifu kwenye sehemu ya juu ni dalili ya kulika. Hoja yake ni ya kweli. Nilimwandikia kwamba sarafu inaweza kuwa imepigwa vibaya kisha ikapita sokoni pia, na kwamba shavu ni suala tofauti na nywele. Kwenye kadi yake ameiweka 20. Kwenye daftari langu iko 30, na wa kwanza atakayetaka kuinunua atalazimika kuamua mwenyewe.